Seli imemeza chembe ngapi?

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, umuulize mama mmoja sado yake ina dagaa wangapi. Atakucheka. "Mwanangu, dagaa wanapimwa, hawahesabiwi." Wanaochunguza jinsi seli hai zinavyomeza nanochembe nao mara nyingi hupima tu. Kuhesabu moja moja ndiko kunakowatoa jasho.

Nanochembe ni chembe yenye upana wa kati ya nanomita 1 na 100, na milimita moja ina nanomita milioni. Tarakimu hizo hazikai kichwani, basi tufanye hivi: chukua seli ya mwili yenye upana wa mikromita 10, yaani nanomita 10,000, ikuze mpaka ilingane na mtumbwi wa mita 8. Chembe ya nanomita 50, ikikuzwa vivyo hivyo, itafika sentimita 4. Dagaa mmoja! Nilirudia hesabu hiyo mara mbili.

Seli haina mdomo. Chembe ikigusa utando wake, utando hubonyea, huizunguka, kisha hujikata na kubaki kifuko kinachoelea ndani. Kitendo hicho ni endositosisi, jina alilolitoa mwanasayansi wa seli Christian de Duve mwaka 1963. Vifuko huungana na vingine, na mzigo mwingi huishia kwenye laisosomu, chumba chenye asidi cha kumeng'enyea. Dawa iliyofungwa ndani ya chembe ikikwama humo, huenda isifanye kazi yoyote, ndiyo maana watu wanataka kujua ngapi zimeingia na zimefika wapi.

Njia iliyozoeleka ni kuzipaka chembe rangi inayong'aa, kuwapa seli, kisha kupitisha seli hizo moja moja mbele ya leza na kusoma mwanga wa kila moja. Ni haraka, maelfu kwa dakika. Lakini mara nyingi kinachoripotiwa ni wastani, na wastani haukuambii kwamba seli hii ina chembe 3 na jirani yake ana 30. Halafu mwanga hausemi kama chembe imeingia au imeganda nje. Dagaa aliyegandia ubavuni mwa mtumbwi hujamvua bado. Kwa hiyo huongezwa rangi ya tripani bluu, ambayo haipenyi utando wa seli hai na huweza kufifisha mng'ao wa zilizobaki nje. Wengine huweka seli nyingine kwenye baridi ya nyuzijoto 4, ambapo umezaji karibu unasimama: kinachosomeka hapo ni za nje, wanakitoa kwenye jumla.

Tatizo gumu zaidi utaliona usiku wa giza ukisimama Capri Point. Ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa, na taa mbili zilizo karibu, kwa mbali, unaziona moja. Hadubini ya kawaida ya mwanga ina kikwazo cha namna hiyo: vitu vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200 huonekana doa moja. Na kifuko kimoja kinaweza kubeba chembe nyingi. Ujanja ni kupima kwanza mng'ao wa chembe moja iliyo peke yake, kisha kugawa: doa lenye mng'ao mara tano huhesabiwa chembe tano. Ila baadhi ya rangi hufifia kwenye asidi, na nyingi huchakaa chini ya leza, hivyo hesabu hupungua bila chembe kutoka. Mbinu za kuvuka kikwazo cha nanomita 200 zilipewa Nobeli ya kemia mwaka 2014. Hadubini ya elektroni huona hata chembe moja ya dhahabu bila shida, lakini kwa kawaida seli lazima ife na ikatwe vipande vyembamba mno, kisha mtu akae ahesabu kipande kwa kipande.

Tena seli huzaana. Mama akigawanyika, mabinti wawili hurithi mzigo wake. Ukipima kesho ukakuta wastani umeshuka nusu, usikimbilie kusema seli zimetapika chembe. Huenda mirathi imegawanywa tu, na si lazima iwe sawa kwa sawa.