Kabla ya kumpangia mgeni matembezi, tazama mwezi ni wa ngapi

Mgeni akishamaliza chai ya asubuhi huuliza, "Leo twende wapi?" Mimi simjibu mpaka nijue mwezi ni wa ngapi. Sisemi Julai wala Disemba. Nasema mwezi mwandamo, ule wa kwenye kalenda ya Kiislamu inayotundikwa ukutani karibu kila nyumba ya Zanzibar. Hapa Jambiani, na pwani yote ya mashariki ya Unguja kuanzia Michamvi, Bwejuu na Paje hadi Makunduchi, bahari ndiyo yenye ratiba. Ikipwa hurudi nyuma hadi karibu na mwamba unaovunja mawimbi, na mgeni aliyeamka na nguo ya kuogelea anakuta mchanga, majani na vidimbwi. Ikijaa inakuja kugonga kuta. Hali zote mbili ni nzuri, ila kila moja ina matembezi yake, na mwenyeji asiyejua leo ni zamu ya ipi humpotezea mgeni siku nzima.

Nawaandikia hasa wenzangu wenye nyumba ndogo za kulaza wageni na kuwapa chai asubuhi, sisi tusio na dawati la utalii wala basi letu wenyewe. Lakini na wewe unayepanga kuja kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, soma. Utajua uchague tarehe zipi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa kalenda ya Kiislamu shika siku ya 1 hadi ya 4, kisha ya 15 hadi ya 18. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Maji mafu huangukia katikati, mwezi ukiwa nusu, yaani siku ya 8 hadi ya 10 na ya 22 hadi ya 24 hivi. Hapo bahari haijai sana wala haikauki sana. Mabamvua makubwa kuliko yote huja mwezi Machi na Septemba, majira ambayo usiku na mchana hulingana.

Kinachotusaidia zaidi wenyeji ni kwamba hata saa zina mpango wake. Wakati wa bamvua maji hukauka kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Wiki moja ikipita mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, na kupwa alasiri. Kwa hiyo mgeni akiniandikia kwamba anakuja tarehe fulani, nafungua kalenda, na kabla hajalipa namwambia ataamka aikute bahari au mchanga. Dakika kamili nazitafuta baadaye kwenye jedwali la maji. Mpango wa siku naupanga kwa mwezi.

Asubuhi ya bamvua ni ya mwani. Kilimo hiki kilianzia hapa Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu mwanzo kimekuwa mikononi mwa wanawake. Maji yakikauka utawaona wakishuka na makapu na kamba hadi kwenye mashamba yao, mistari ya vigingi iliyonyooka kama shamba lolote la bara, ila udongo wake ni mchanga mweupe na anga imelala juu yake. Mbegu hufungwa kwenye kamba kwa vijikamba vidogo, huachwa wiki sita hivi, kisha huvunwa, huanikwa na kuuzwa kwa wanunuzi wanaousafirisha nje, ambako hutolewa utomvu wa kuzitia uzito dawa ya meno, maziwa na vipodozi. Aina inayolimwa zaidi sasa ni spinosamu. Kotonii, yenye bei bora, inashindwa na joto la maji ya kina kifupi. Hufa, au huingia maradhi ya kuwa nyeupe na laini. Mama akikusimulia habari za kotonii utaelewa mabadiliko ya tabianchi kuliko kwenye semina yoyote.

Kwa matembezi haya nina masharti. Mgeni aende na mama mwenye shamba, asiende na kijana wa ufukweni aliyejichagua mwenyewe. Fedha apewe yule mama mkononi, maana bei ya mwani mkavu ni ndogo sana na saa yake moja ndani ya maji ni kazi. Mgeni avae viatu vya mpira, kwa sababu ya wanyama wenye miiba mirefu myeusi waliojaa kwenye vidimbwi. Asikanyage mistari. Na asipige picha kabla ya kuomba. Wako watakaokubali kwa furaha na wako watakaokataa, na wote wana haki. Mwendo wenyewe uanze saa mbili na nusu, maji yakiwa yanaondoka. Ukianza saa nne utakuwa unarudi huku maji yanakufuata magotini.

Bamvua hiyo hiyo hutoka na wavuvi wa pweza, wake kwa waume, wenye vijiti vyao virefu juu ya mwamba. Baadhi ya vijiji vya kusini siku hizi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hufungua kwa siku moja ambayo kijiji kizima hushuka pwani. Ukibahatika mgeni wako akawepo siku ya kufungua, ahirisha mambo mengine yote.

Alasiri ya bamvua, mpeleke akaogelee mbele ya nyumba. Maji yako mlangoni. Na ikiwa ni bamvua ya mwezi mpevu, usimwache aende popote wakati wa magharibi. Pwani yetu inatazama mashariki, jua halituzamii baharini, lakini mwezi hutuchomozea humo. Anayetaka machweo juu ya maji apande hadi Michamvi Kae, upande wa pili wa rasi, unaotazama ghuba ya Chwaka. Njiani atapita karibu na mkahawa wa The Rock kule Pingwe, uliojengwa juu ya jiwe: maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti.

Siku za maji mafu wageni wengi hawazitafuti, nami nazipenda kuliko zote kwa safari za ngalawa. Maji hayakauki kiasi cha kukwamisha chombo, mkondo kwenye mlango wa mwamba ni mpole, na anayetazama samaki kwa miwani na mrija hasukumwi huku na huku. Wenye watoto wadogo nawaambia waje siku hizi. Bahari inabaki kiunoni kutwa, haimtishi mtoto wala haimkimbii.

Juu ya mwezi kuna upepo. Kaskazi hutawala kuanzia Disemba hadi Machi, kukiwa na joto na maji ya kung'aa. Kusi huingia baada ya masika na kushika hasa Juni hadi Agosti. Hewa inakuwa baridi kidogo kwa usiku wa pwani, bahari inachafuka nje ya mwamba, na nahodha mwenye akili hukataa safari nyingine hata ukimwongezea bei. Mwenyeji usimbishie. Majira hayo hayo Paje hujaa tiara za wanaoteleza juu ya maji, kwa sababu upepo ni wa kudumu na ndani ya mwamba maji yametulia. Kati ya pepo hizi mbili, Oktoba na Novemba kabla vuli haijachanganya, bahari hutulia kuliko wakati mwingine wowote, na bei bado hazijapanda za Krismasi. Rafiki akiniuliza aje lini, namtajia hapo.

Hata hivyo, kama anataka kuona watu, namwambia aje Julai. Wiki ya tatu au ya nne ya mwezi huo Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya unaofuata hesabu ya jua yenye asili ya Uajemi, ndiyo maana hauhami na mwezi mwandamo. Alfajiri watu hushuka kukoga baharini. Baadaye, kiwanjani, wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba, wakitoana hasira za mwaka uliopita, na wakishamaliza wamemaliza. Hakuna wa kuendeleza ugomvi kesho yake. Kibanda cha makuti hujengwa na kuchomwa moto, mtu akiwa ndani, naye hutoka mbio moshi ukipanda. Wanawake, katika nguo zao bora, huzunguka wakiimba nyimbo za kufumbana na kuchekana. Kisha chakula, ngoma, na shamrashamra za siku nne.

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu. Msimpeleke mgeni Makunduchi siku hiyo kama anayekwenda kutazama maonyesho na kuondoka. Desturi ya pale ni kila nyumba iwe na mgeni, na nyumba isiyo naye huonekana ina upungufu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapo wanaikusudia kweli. Tafuta familia unayoifahamu, mpeleke mgeni kwao mapema na kilo kadhaa za mchele au sukari, ale nao, ndipo aende kiwanjani pamoja nao. Avae nguo za kufunika mabega na magoti, mwanamke awe na kanga. Asimame mbali kidogo na moto na vijana wenye mabua. Mgeni wa namna hii hurudi mwaka mwingine, na mara nyingi hurudi kwa familia ile zaidi ya kurudi kwangu, jambo ambalo ni zuri kabisa.

Kizimkazi iko mwendo mfupi kutoka hapo. Watu humiminika kwa sababu ya pomboo, na nina msimamo mkali juu ya hilo. Boti kumi zinapolizingira kundi moja, injini zikiunguruma na watu wakirukia majini, wanyama hawapati nafasi ya kulala wala kunyonyesha, na huko ni ndani ya eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai lililoanzishwa mwaka 1997. Namtuma mgeni kwa nahodha anayetoka alfajiri, anayezima injini kwa mbali na asiyeruhusu kuruka majini. Kama nahodha huyo hana nafasi, siku hiyo hakuna pomboo. Kati ya Julai na Septemba kuna jambo kubwa zaidi la kungojea: nyangumi wanaopanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto. Wakati mwingine huonekana hata kutoka ufukweni, wakipuliza.

Wengi huondoka Kizimkazi bila kuingia msikiti wa Dimbani. Kwa nje ni paa la bati na kuta za kawaida, gari hupita tu. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, yaliyochongwa yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo limejengwa upya baadaye, lakini maandishi yapo, miongoni mwa ya kale kabisa ya Kiislamu katika pwani hii, na bado watu wanasali mbele yake. Omba ruhusa kwa wazee, vua viatu, epuka saa za sala.

Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, wenzangu wengi hufunga. Mimi sifungi. Mvua ya masika hunyesha kwa mikupuo, na baina ya mikupuo kuna msitu na mapango. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo nyumba ya kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake. Nenda asubuhi mapema au alasiri, wanapokula. Wana tabia ya kula makaa, yanayowasaidia kuhimili sumu iliyomo katika majani. Kuna njia ya mbao juu ya mikoko pia: maji yakijaa unaona samaki wadogo, yakipwa unaona kaa na mizizi, kwa hiyo hata hapo kalenda yangu ina kazi. Karibu na kijiji chetu kuna pango la Kuumbi. Watafiti wamefukua humo mabaki yanayoonyesha kwamba watu walilitumia miaka kama 20,000 iliyopita, bahari ikiwa chini na Unguja ikiwa imeungana na bara; wamekuta hata mifupa ya punda milia na nyati. Mwanafunzi wa Tanga akisikia kwamba punda milia walitembea mahali anaposimama, hasahau.

Ramadhani nayo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na ni lazima mgeni aambiwe kabla hajakata tiketi. Mchana mikahawa mingi ya kijiji hufungwa, na si heshima kula au kunywa barabarani. Mimi hupika chai kama kawaida ndani ya ua, na jioni huwaalika wageni futari: muhogo wa nazi, maharage, tambi, uji wa pilipili manga. Wako wanaochagua mwezi huu makusudi kwa sababu ya futari. Idi ikiingia, sikukuu huku ni siku nne, na jioni zake mpeleke mgeni mjini, viwanja vya Mnazi Mmoja, akaone watoto wenye nguo mpya na hela za sikukuu mkononi. Daladala za jioni hujaa mno, basi panga usafiri mapema. Safari za bahari zipange kuanzia Idi pili. Nahodha wangu hafanyi kazi Idi mosi, na mimi simwombi.