Mtaji Ukikua, Hisa za Bei Nafuu Hazitoshi

Mwekezaji anayezingatia thamani hununua hisa pale bei yake sokoni inaposhuka chini ya thamani halisi ya kampuni. Kanuni hiyo haibadiliki, mtaji uwe shilingi milioni 2 au bilioni 2. Kinachobadilika ni hisa anazoweza kuzinunua, na hapa Uganda mabadiliko hayo huja mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Tuseme dalali anakuonyesha oda za wauzaji wa hisa za kampuni ndogo: 1,000 kwa shilingi 50, 3,000 kwa shilingi 52 na 4,000 kwa shilingi 56. Anayezitaka zote 8,000 hatalipa shilingi 400,000 bali 430,000, yaani ununuzi wake mwenyewe umempandishia gharama kwa asilimia 7.5 kabla hata ya ada ya dalali. Siku ya kuuza mambo hugeuka upande wa pili, na mara nyingi huwa mabaya zaidi. SACCO yenye milioni 500, ikitafuta hisa ambazo mauzo yake yote sokoni ni milioni 5 kwa siku na kuchukua moja ya tano ya mauzo hayo, itahitaji siku 500 za soko, takriban miaka miwili.

Warren Buffett, mwekezaji mashuhuri, alilikabili tatizo hilo Marekani. Mwalimu wake, Benjamin Graham, alipendelea bei isiyozidi theluthi mbili ya mali za muda mfupi za kampuni (kama fedha taslimu, bidhaa ghalani na madai kwa wateja) baada ya kuondoa madeni yote. Njia hiyo ilimfaa Buffett katika ubia alioanza mwaka 1956, ila mwaka 1969 alitangaza kuuvunja, ukubwa wa mtaji ukiwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1972 alishiriki kuinunua See's Candies kwa dola milioni 25, takriban mara tatu ya mali zake zinazoshikika, kwa kuwa kampuni hiyo ya peremende iliweza kupandisha bei bila kukimbiwa na wateja.

Kwetu, mwenye mtaji mkubwa hubaki na kampuni chache zenye wanunuzi wa kutosha, au husubiri mauzo ya hisa kwa umma, kama yale ya MTN Uganda mwaka 2021 kwa shilingi 200 kwa hisa. Mwenye mtaji mdogo, kwa maoni yangu, hana sababu ya kumuiga, kwani yeye bado anaweza kuingia mahali ambapo mifuko mikubwa ya uwekezaji haienei. Anayeshikilia kwa miaka mingi, hata hivyo, lazima apime uhai wa biashara yenyewe: kampuni ya Umeme ilikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kusambaza umeme, nao uliisha Machi 2025.