Pima kuanzia jukwaani: Beaverton na bustani zake kwa treni ya MAX

Shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga kututembelea hapa Oregon, Marekani, gari langu lilikuwa gereji. Fundi alisema siku mbili, zikawa tisa. Mke wangu alikuwa na wasiwasi kwamba mgeni atakaa wiki nzima akitazama ukuta. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana kazi yangu ni kupanga usafiri wa abiria, na tunaishi Beaverton, mji wa pembezoni upande wa magharibi wa Portland ambao reli nyepesi inaupita katikati.

Ndugu wanaohamia huku wakitokea Kongo, Burundi au Kenya huniuliza sana kama mtu anaweza kuishi pembezoni bila gari na bado watoto wakaona miti. Anaweza, ila asichague bustani kwa kutazama ramani. Kwenye ramani kila doa la kijani linaonekana liko jirani na reli. Sisi tunaopanga hizi safari tunapima kuanzia jukwaani: mlango wa treni ukifunguka, unatembea hatua ngapi, unavuka barabara ngapi, na kama una kiti cha mtoto cha magurudumu au goti bovu, unapita wapi?

Reli yenyewe kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wakubwa wa Portland walipanga kukata mitaa ya mashariki ya mji kwa barabara kuu ya magari. Wakazi wakakataa, mpango ukafutwa, na sehemu ya fedha za serikali kuu ikahamishiwa usafiri wa umma. Ndivyo ilivyopatikana njia ya kwanza ya MAX, yaani hii reli nyepesi yetu, kwenda Gresham upande wa mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1986. Kipande cha magharibi, kinachopita Beaverton hadi Hillsboro, kilifunguliwa Septemba 1998. Kutoka Beaverton kwenda Hillsboro kinafuata mkondo wa reli ya zamani, na ndiyo maana ukiwa ndani ya behewa unaona migongo ya nyumba, vijito na vichaka badala ya maduka. Reli ya zamani ilipita mabondeni, na mabondeni ndiko yalikobaki maeneo ambayo hakuna aliyetaka kujenga. Leo ndiyo bustani zetu.

Jambo jingine ambalo abiria hulalamikia bila kujua sababu yake: treni ina mabehewa mawili tu, hata siku ya msongamano. Sababu iko katikati ya Portland, ambako treni inakwenda barabarani pamoja na magari. Mtaa mmoja wa mji huo, kutoka njia panda hadi njia panda, una urefu wa mita 61 tu. Ukiunga behewa la tatu, treni ikisimama kituoni itaziba njia panda. Mji uliopimwa karne ya 19 ndio unaopanga nani asimame na nani akae leo asubuhi.

Siku ya kwanza nilimpeleka shangazi Washington Park, bustani kubwa ya Portland, maana wageni wote hupelekwa huko. Treni inaingia kwenye handaki la karibu kilomita 5 lililotobolewa chini ya vilima, na kituo kiko ndani ya handaki hilo, yapata mita 79 chini ya ardhi. Ni kituo chenye kina kirefu kuliko vyote vya usafiri wa mjini Amerika Kaskazini. Ukutani pameonyeshwa mwamba mrefu mwembamba kama bomba uliochimbuliwa kabla ya ujenzi, umelazwa na kuandikwa umri wa kila tabaka, hadi mawe ya volkano ya miaka milioni 16. Shangazi aliutembelea wote kwa kidole, kama anayechagua kanga dukani.

Kwenye lifti akashtuka. Lifti ile haihesabu ghorofa, inaonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa futi: 450 ukiwa chini, 693 ukifika juu.

"Baba, hii ni ghorofa ya mia sita?"

"Hapana, shangazi, ni kimo kutoka baharini."

"Bahari ipi? Ya Tanga au ya hapa?"

Tulicheka hadi mlango ukafunguka. Ukitoka, bustani ya wanyama iko mbele yako kabisa, na vijia vya Hoyt Arboretum, bustani ya miti yenye spishi zaidi ya 2,000 kutoka duniani kote, viko mwendo mfupi wa mguu. Lakini bustani maarufu ya mawaridi, iliyoanzishwa mwaka 1917, iko upande wa pili wa kilima, na njia ina miinuko. Watu huona kituo kinaitwa Washington Park, na mawaridi nayo yamo Washington Park, wakadhani wamefika. Hawajafika. Subiri basi dogo la bure linalozunguka eneo hilo, usijifanye kijana.

Mahali ninapopapenda mimi hapamo kwenye kadi za watalii. Panda treni ya njia ya Bluu au Nyekundu kuelekea magharibi, shuka Merlo Road. Kituo hakina uzuri wowote: jukwaa la zege, mashine ya tiketi, uwanja wa mabasi ya shule jirani. Lakini hatua chache kutoka jukwaani kuna mwanzo wa kijia cha lami, na ukikifuata unamezwa na Tualatin Hills Nature Park, msitu na majimaji ya takribani hekta 90. Vijito viwili vinakutana humo ndani. Biva wapo, wale wanyama wakata miti kwa meno walioupa mji wa Beaverton jina lake. Mbwa hawaruhusiwi, na ndiyo maana ndege hawakimbii. Kijia kikuu ni tambarare, kwa hiyo goti la shangazi halikulalamika.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tukakuta kiumbe kama mjusi anavuka njia polepole, mgongo wa kahawia, mikono imetandazwa kama mtoto anayejifunza kutambaa. Ni wa jamaa ya chura, si mjusi. Shangazi akainama kutaka kumwokota nikamzuia. Tumbo lake ni la rangi ya chungwa kali, na ngozi yake ina sumu ileile ya samaki bunju. "Kumbe bunju wa nchi kavu!" akasema, akajifunga kanga vizuri na kumsubiri avuke. Mtu wa pwani huhitaji kumweleza mara mbili habari za bunju.

Habari ya nauli ni fupi. Mtu mzima analipa dola 2.80, na ukishagusa kadi kwenye mashine ya jukwaani una saa mbili na nusu za kupanda na kushuka upendavyo. Siku nzima haizidi dola 5.60 hata upande mara kumi. Kwa hiyo msitu wa Merlo, ukitoka Beaverton, unaweza kwenda, ukatembea saa nzima na kurudi kwa nauli ileile moja. Hakuna geti la kukuzuia, lakini wakaguzi hupita, basi gusa kadi kabla ya kupanda. Mabehewa yana sakafu ya chini, hivyo kiti cha magurudumu kinaingia bila kubebwa.

Onyo moja la kikazi. Tangu mwaka 2024 treni Nyekundu imeongezwa magharibi hadi Hillsboro, na kila mwisho wake una uwanja wa ndege. Wa mashariki ndio wa kimataifa. Wa Hillsboro ni wa ndege ndogo, hauna safari za ratiba za abiria. Ukimwona mtu na masanduku matatu anaelekea magharibi, mwulize kwa upole anakwenda wapi.

Siku ya nne shangazi akaniambia leo anakwenda msituni peke yake. Nilimwandikia jina la kituo nyuma ya bahasha. Akarudi saa nane mchana, ametulia, na kumbe alisinzia akapitiliza hadi Orenco, vituo vinne mbele. Palikuwa kijiji cha kampuni iliyootesha miche ya miti ya matunda mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina ni ufupisho wa jina la kampuni hiyo. Siku hizi ni mtaa wa maghorofa uliojengwa kuizunguka reli, wenye uwanja mdogo wa majani katikati. Alikaa hapo kwenye benchi akala chapati alizobeba, akagusa kadi, akapanda treni ya kurudi.

"Na msituni hukufika?"

"Nilishuka nikirudi. Yule bunju wenu sikumwona leo."