Kwa nini Joseph Brodsky alikuwa anasoma mashairi kama anaomba dua?

Rekodi za mshairi Mrusi Joseph Brodsky akisoma kwa Kirusi zipo nyingi tu mtandaoni, na ukifungua yoyote utasikia mtu anayeghani kabisa. Sauti inapitia puani, inaanza chini, kila mshororo inapanda kidogo, kwenye nukta haipumziki, halafu mwisho inashuka ghafla na yeye kanyamaza.

Jibu la haraka la wengi ni kwamba jamaa alifukuzwa kwao, kwahiyo hicho ni kilio cha ugenini. Ukisoma historia yake unaelewa kwanini watu wanaamini hivyo: mwaka 1964 mahakama ya Leningrad ilimpa miaka 5 ya kazi ngumu kwa madai kwamba anaishi bila kazi ya maana, Juni 1972 Wasovieti wakamtoa nchini akiwa na miaka 32, akaenda kufundisha Michigan, Marekani, Nobel ya fasihi akaipata 1987, na mpaka anafariki New York Januari 1996 hakuwahi kurudi.

Lakini hiyo sauti alikuwa nayo kabla ya kuondoka! Nadezhda Mandelstam, mjane wa mshairi Osip Mandelstam, alimsikia hukohuko Urusi akiwa kijana, akaandika kwamba huyu si mtu mmoja, ni bendi nzima ya matarumbeta. Na mumewe mwenyewe, ambaye mtaalamu wa lugha Sergei Bernstein alimrekodi kwenye silinda ya nta (chombo cha zamani cha kurekodia sauti) miaka ya 1920, anasikika akivuta sauti kwa namna inayofanana sana. Tena sio Warusi tu, mshairi Tennyson wa Uingereza alirekodiwa 1890 na yeye anaghani vilevile. Kwahiyo uchungu wa uhamishoni huenda uliongeza kitu, ila chanzo sio huo.

Chanzo ni mshororo. Muigizaji akisoma shairi anafuata maana, anatua penye nukta. Brodsky alikuwa anaandika sentensi ndefu mno, inaanza ubeti huu inaishia ubeti wa tatu, na wakati huohuo mizani na vina vimebana. Ukitua kwenye maana tu, vina vinapotea. Fikiria mtu anapanda ngazi na ndoo ya maji kichwani: kila hatua inasikika, mwendo haubadiliki, na hawezi kuitua ndoo katikati hata kama kachoka, mpaka afike juu. Mshororo ndio hatua, sentensi ndio ndoo. Aliyekulia pwani akisikia mashairi ya mizani 16, nane kwa nane, atalielewa hili mara moja, maana ghani inakuonyesha kina kinadondokea wapi hata kabla hujashika maneno.

Ila tusizidishe. Kwenye kumbi za Marekani mara nyingi mtu mwingine alikuwa anasoma kwanza tafsiri ya Kiingereza, ndio Brodsky anafuata na Kirusi, aghalabu kwa kichwa bila karatasi, kwahiyo wasikilizaji maana walishaipata. Walichopewa na sauti ni ule mpangilio ambao tafsiri nyingi zinauacha njiani, na yeye alikuwa anabishana sana na watafsiri wake wabakize mizani na vina. Alipoghani mashairi ya Kiingereza kwa staili ileile, wapo waliovutiwa na wapo walioona ni nzito mno, kwasababu wasikilizaji wa Kiingereza siku hizo walishazoea shairi linalosomwa kama maongezi.