Kwa nini banda zima hunyamaza kabla steringi hajafungua mlango?

Mabatini, jijini Mwanza, enzi za deki na kanda, kulikuwa na banda la video lenye mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Kibanda umiza, na kilistahili jina lake. Alasiri moja tulikuwa tumebanana humo, jua likichoma bati, steringi, shujaa wa picha, akitembea kwenye korido ndefu kuelekea mlango uliofungwa. Sisi tulishaona jambo ambalo yeye hakuliona: kivuli kimepita kwenye mwanga wa chini ya mlango ule. Banda ambalo dakika mbili nyuma lilikuwa na kelele kama soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, likawa kimya. Muuza karanga naye akasimama, kikapu kichwani. Mkono wa steringi ukagusa kitasa.

Umeme ukakatika.

Tangu siku hiyo nimeona picha nyingi mno, na nyingi nimezisahau kuanzia jina hadi adui. Korido ile sijaisahau. Basi najiuliza, na pengine nawe umewahi kujiuliza: ni kitu gani kinachofanya kipande kimoja cha filamu au gemu kitukamate shingoni hivyo, na kingine kipite tu kama daladala iliyojaa?

Bibi zetu walilijua hili kabla ya sinema. Kitendawili! Tega. Nyumba yangu haina mlango. Tunahangaika, tunabahatisha, tunashindwa. Sasa mwangalie mtegaji. Jibu analo mdomoni, lakini halitoi. Anadai mji kwanza. Tunampa Bukoba, anaukataa. Tunampa Dar es Salaam, anaukubali, anasafiri, anapokelewa, anapikiwa pilau, anasimulia kila kitu huku watoto wakijinyonganyonga mkekani. Ndipo anasema: yai. Yai lenyewe halina maajabu. Utamu wote ulikuwa njiani.

Mwaka 1994 msomi wa Marekani, George Loewenstein, aliandika maelezo ya udadisi ambayo mtegaji wetu angeyatambua mara moja. Alisema udadisi huzaliwa pale mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua, na pengo hilo humkera kama mwasho unaotaka kukunwa. Lakini ili pengo lionekane, lazima mtu ashajua kitu kidogo. Mtoto aliyeingia bandani dakika ile umeme unakatika hakuumia hata kidogo. Kwake ule ulikuwa mlango tu. Tulioumia ni sisi tuliokiona kivuli.

Kwa hiyo mtengeneza filamu hodari ni mtu anayejua kugawa habari. Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alimweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa, François Truffaut, katika mazungumzo yao ya mwaka 1962 kwa mfano wa bomu. Watu wawili wanapiga soga mezani, mara bomu linalipuka chini ya meza. Watazamaji wanashtuka kwa sekunde 15. Sasa irudie, ila safari hii watazamaji wameonyeshwa bomu likitegwa, na saa ukutani wanaiona. Soga ni ile ile, ya mambo yasiyo na maana, lakini kila neno linachoma, maana unataka kuwapigia kelele wale watu waondoke. Umepata dakika 15 za roho juu kwa bomu lile lile moja.

Sisi wa mabandani tulikuwa na bomu la ziada, nalo ni mfasiri, mtu anayeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili. Anayeyajua mabanda ya Tanzania anamjua Lufufu, na aliyeangalia kanda zilizotoka upande wa Kenya anamjua DJ Afro. Watu hudhani kazi yao ni kutafsiri. Mimi nasema kutafsiri ni sehemu ndogo. Filamu inamwonyesha adui akitabasamu na kumkaribisha steringi chai. Mfasiri anashusha sauti na kusema, mnamwona huyu anavyocheka, sasa subirini. Mwongozaji alikuwa amekificha kitu, mfasiri amekifichua nusu. Ametega bomu chini ya meza ambayo mwenye filamu hakuiwekea bomu. Ndiyo maana picha nyingine niliyoifurahia bandani nikiwa mdogo, nilipokuja kuiangalia bila mfasiri, niliiona imepooza.

Kuficha nako kuna nguvu zake. Mwongozaji Steven Spielberg alipokuwa akitengeneza filamu ya Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wake wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Ikabidi papa aonyeshwe kwa kubana. Kwa sehemu kubwa ya filamu mtazamaji anaona maji, pezi, mapipa yanayovutwa chini, na anasikia noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams zikirudiwa kwa kasi inayopanda. Basi. Watu walitoka kwenye majumba ya sinema wakiogopa bahari. Ziwa letu, Victoria, halina papa, lakini aliyekulia kandokando yake, Igombe au Kayenze, haelezwi habari hii. Mamba aliyejianika kwenye jiwe la mbali, watoto wanamtania. Kinachowatoa majini mbio ni matete yanayotikisika siku ambayo hakuna upepo.

Kichwa cha mtazamaji, ukikiachia nafasi, kinafanya kazi bure. Muda mfupi baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha lolote, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza kwenye kochi. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: ona alivyo na njaa, ona alivyohuzunika, ona anavyomtamani. Uso ulikuwa ule ule. Waliigiza wao. Hii ndiyo sababu, kwa maoni yangu, filamu zinazolipua gari kila baada ya dakika mbili hunisinzisha. Hazijaniachia kazi yoyote.

Na umeme uliokatika? Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha utafiti mwaka 1927: aliwapa watu kazi ndogondogo, nyingine akawakatisha katikati. Baadaye walizikumbuka zile walizokatishwa karibu maradufu ya zile walizomaliza. Waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo tusiliapie. Lakini watengenezaji wa tamthilia hawakungoja utafiti mwingine. Kila sehemu inaisha mtu akiwa mlangoni, na wewe uliyesema utalala saa nne unaangalia nyingine.

Sasa twende kwenye gemu, maana huko kuna jambo ambalo filamu haina. Kwenye filamu unamwonea steringi huruma. Kwenye gemu steringi ni wewe, na ukifa umekufa kwa ujinga wako.

Ingia kibanda chochote cha gemu pale Igoma au Buhongwa Jumamosi jioni. Ni gemu la mpira, na sheria ni moja: ukifungwa unaachia pedi ya kuchezea. Mechi inaweza kwenda dakika zote watu wakizungumza habari za Simba na Yanga. Halafu inakuja penalti. Hapo hata mwenye kibanda anaacha kuhesabu hela zake. Mpira bado haujapigwa, hakuna lililotokea, na ndio wakati watu wameganda kuliko hata goli lenyewe litakapoingia.

Kuna kidokezo kutoka maabara. Miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusishwa na hamu ya zawadi, kwa kima waliokuwa wakipewa juisi baada ya ishara fulani. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika. Kima walipokwisha kuzoea, zilichangamka ishara ilipotokea. Juisi yenyewe ikafika bila seli kushtuka. Na ishara ikitokea halafu juisi isije, shughuli ya seli ilishuka wakati ule ule juisi ilipotarajiwa. Sidai kwamba vijana wa Igoma ni kima, wasije wakanisubiri stendi. Ila refa akionyesha kidole kwenye nukta ya penalti, hiyo ndiyo ishara yetu.

Mpira ukigonga mwamba je? Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake walichapisha utafiti uliotumia mchezo wa bahati wa picha zinazozunguka, ndugu wa madubwi ya mitaani kwetu. Mtu aliyekosakosa aliona uchungu kuliko aliyekosa kabisa, na bado alitaka zaidi kuendelea. Cha ajabu, hamu hiyo ilipanda pale alipokuwa amejichagulia picha mwenyewe, si alipochaguliwa na kompyuta. Pedi ikiwa mkononi mwako, mwamba unakuambia bado kidogo tu. Akipiga mwenzako, ni mwamba tu.

Watengenezaji wanalijua hilo na hawaoni aibu kulisaidia. Mwaka 2017 mbunifu wa gemu Jennifer Scheurle aliwaomba wenzake hadharani wataje hila wanazowaficha wachezaji. Moja iliyotajwa: katika gemu kama Doom na Assassin's Creed, kipande cha mwisho cha mstari wa uhai hubeba uhai mwingi kuliko kinavyoonekana. Unaona umebakiwa na tone, kumbe una kikombe. Unaponea chupuchupu, unawasimulia mtaa mzima, na aliyekuponya ni fundi aliyekaa ofisini ng'ambo.

Hila ninayoipenda mimi ni ya zamani zaidi. Katika gemu la Metal Gear Solid la mwaka 1998 yuko adui anayejidai kusoma mawazo. Anakuambia gemu nyingine ulizocheza, kwa sababu amechungulia kadi yako ya kuhifadhia gemu, na kila unachojaribu anakiwahi. Dawa yake ni kuinuka, kuchomoa pedi na kuichomeka tundu la pili. Niliona jamaa akifanyiwa hivyo kwenye kibanda ambacho kadi ilikuwa ya watu wote. Adui akamtajia gemu ambayo hajawahi kuigusa maishani. Jamaa akageuka taratibu, akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza mwenye kibanda kama hii mashine ameinunua kwa mganga.

Umeme wa Mabatini ulirudi usiku. Kesho yake tulipokwenda, kanda ilishaazimwa Mkuyuni, na haikurudi. Jina la picha silijui. Juu ya kanda palikuwa pameandikwa kwa kalamu, Kichina 7. Kama wewe unayesoma ulikuwepo Mkuyuni, na uliuona ule mlango ukifunguliwa, basi nimeshindwa. Mji nakupa: chukua Mwanza yote, na Ukerewe juu yake.