Sheria ipo, mkaguzi hayupo

Kila nikisikia kwamba kanuni zimezidi na wakaguzi wapunguzwe, mimi mpima maji nawakumbuka watu wa Walkerton, mji mdogo katika jimbo la Ontario, Kanada.

Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kimojawapo cha mji. Klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, haikutosha, na hakukuwa na kifaa cha kuipima muda wote ambacho kingefunga pampu. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 wakaugua, katika mji wenye watu takriban 5,000.

Mafundi wa mtambo walikuwa wakibuni vipimo. Karibu kila siku daftari lao lilionyesha klorini miligramu 0.5 au 0.75 kwa lita. Yeyote aliyewahi kupima maji anajua klorini haitulii hivyo; hupanda na kushuka. Mkaguzi mwenye nafasi ya kulisoma daftari hilo kwa makini angeshtuka.

Lakini nafasi hiyo aitoe wapi? Wizara ya mazingira ilikuwa imepunguziwa zaidi ya asilimia 30 ya watumishi. Mwaka 1996 maabara za serikali ziliacha kupima maji ya miji, kazi ikaenda kwa maabara binafsi, bila kanuni ya kuzitaka ziiarifu ofisi ya afya zikikuta maji machafu. Kwa hiyo maabara ilipokuta bakteria ilimjulisha mteja wake, yaani walewale waendesha mtambo, nao wakakaa kimya. Ofisi ya afya ilipouliza, iliambiwa maji ni salama. Tume ya Jaji Dennis O'Connor, iliyochunguza mkasa huo, haikuwasaza mafundi, ila ilieleza wazi kwamba kupunguzwa kwa bajeti nako kulichangia.

Udhibiti ukilegezwa kwa kufuta sheria, angalau bunge litajadili. Bajeti ikikatwa, sheria inabaki vilevile na hakuna anayepiga kelele.

Fedha za ukaguzi hununua pia uwezo wa kukataa. Mwaka 1960 Frances Kelsey, daktari wa mamlaka ya dawa ya Marekani, aligoma kuidhinisha thalidomide, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia na wajawazito, akawa anarudisha maombi na kudai ushahidi zaidi huku kampuni ikimsukuma. Kwingineko duniani dawa hiyo ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo visivyokamilika.

Sisemi kila kanuni ina maana. Nimejaza fomu ambazo nina hakika hakuna aliyezisoma, na hizo zifutwe hata leo. Wala sipingi kampuni kulipa ada za ukaguzi, mradi kiwango kipangwe na sheria na kampuni isijichagulie mkaguzi. Na majibu mabaya ya maabara yaende moja kwa moja kwa ofisa wa afya, mteja apende asipende.