Uwongo njoo, utamu kolea: dhana potofu kuhusu kuwasomea watoto hadithi darasani

Dhana: Hadithi isiyo na funzo haimfai mtoto

Hakuna semina ya walimu wa darasa la kwanza na la pili inayokwisha bila kauli hii, na hakuna inayoharibu vipindi vingi kama hii. Mwalimu anasoma vizuri, watoto wametega masikio, Sungura amemponyoka Fisi, darasa zima linacheka. Kitabu hakijafungwa, swali limeshatoka: "Haya, tumejifunza nini?" Kicheko kinakatika. Mikono inanyooshwa: "Tusiwe na tamaa." "Tuwatii wazazi." Majibu hayo angeyatoa hata mtoto aliyekuwa chooni hadithi nzima ikisomwa. Swali linalojibika bila kusikiliza linapima kumbukumbu ya majibu ya juzi, basi.

Tena haliendani na hadithi zetu wenyewe. Sungura ni mwongo, ni mwizi wa mashambani, na anashinda. Mwalimu anayelazimisha "tusidanganye" anabishana na kitabu alichokishika mkononi, na watoto wanaliona hilo. Wazee walianza na "Hadithi, hadithi!", watoto wakaitikia "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Mahubiri hayakualikwa.

Uliza katikati, kabla ya kufunua ukurasa: "Fisi atafanya nini sasa?" Kisha: "Umejuaje?" Hili la pili ndilo lenye kazi, kwa sababu linamrudisha mtoto kwenye picha au kwenye sentensi iliyopita. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumchagua wa kujibu. Ukimchukua wa kwanza kunyoosha mkono, watakuwa walewale watatu wa mbele mwaka mzima. Kwa kitabu cha kurasa 16, simama mara mbili au tatu tu. Ukizidisha, kisa kinakatikakatika na watoto wanaanza kusukumana mkekani.

Unapochagua kitabu, anza na ukurasa wa mwisho. Ukikuta "Basi watoto, ...", kirudishe rafuni. Kisha soma kurasa tatu kwa sauti ukiwa peke yako. Ulimi ukijikwaa, huenda ni Kiswahili cha kutafsiriwa vibaya: kimejaa "yeye" pasipo haja, na mtu "aliweza kuona" pale ambapo aliona tu. Kinachofaa darasa la pili kina sentensi moja hadi nne kila ukurasa, kibwagizo kinachojirudia, na picha inayosema jambo ambalo maneno hayakulisema.

Dhana: Akisoma bila kukwama, kitabu kinamfaa

Kiswahili husomwa kinavyoandikwa. Mtoto aliyezishika silabi atatamka "walisikilizana" pasipo kujua nani alimsikiliza nani. Kwa hiyo kuhesabu maneno yanayomkwamisha hakutoshi. Funika maandishi kwa kiganja, mwambie akusimulie ukurasa huo. Akitaja yaliyo kwenye picha tu, kitabu bado kigumu kwake.

Dhana: Nakala moja haiwatoshi watoto 80

Inawatosha ukiwagawa. Watoto 20 wakae mkekani nusu duara, wengine wachore au wanakili. Zungusha makundi kwa siku nne. Au hamishia hadithi kwenye karatasi kubwa za manila, herufi za sentimita 4 kwa maka nyeusi, ukurasa mmoja kwa kila karatasi. Ila usiwaitikishe sentensi baada ya sentensi. Hiyo ni kwaya: midomo inaimba, macho yako dirishani. Waitikie kibwagizo tu.

Dhana: Wameshakisikia, tafuta kingine

Kisome mara tatu. Mara ya kwanza wanafuata kisa. Ya pili wanachungulia picha na kuuliza maneno. Ya tatu wanakutangulia kusimulia, na hapo ndipo msamiati unapowakaa.

Dhana: Vitabu vya ziada vikae kabatini visichanike

Kabatini kuna mchwa na panya, ambao hawasomi. Kinachoviua vitabu vyembamba ni pini za chuma zinazoshika kurasa kwenye mkunjo: zikishika kutu, jalada linachomoka. Kabla ya kukitoa kitabu kipya, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa shazia (sindano kubwa ya kushonea magunia), pitisha uzi imara, fundo libaki ndani, tundu la katikati. Kisha kitundike kwenye kamba ya katani ukutani, usawa wa kifua cha mtoto mfupi kuliko wote darasani.